Kati ya Kujipendekeza na Kujitambua: Pendo Lisilojibiwa katika Kiswahili na Maana yake kwa Wanafunzi wa Sanaa kutoka Kasulu na Kibondo

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyolieleza pendo lisilojibiwa, na namna maelezo hayo yanavyoweza kumsaidia kijana anayesomea sanaa chuoni kuielewa hali yake. Msingi wa uchunguzi ni mnyambuliko wa kitenzi -penda, ukilinganishwa na ule wa -kunda katika Kiha na Kirundi, lugha za nyanda za juu za Kigoma na jirani zake. Hoja kuu ni kwamba pendo lisilojibiwa ni tendo kamili la mtendaji mmoja. Haifai kulihesabu kuwa mapenzi ya watu wawili yaliyopungukiwa nusu. Kijana huangamia pale anapotaka kuigeuza kauli ya kutenda iwe ya kutendana kwa juhudi zake peke yake. Jaribio hilo lugha imelipa jina lake, nalo ni kujipendekeza. Hoja hii inapimwa kwa riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, kisha kwa kazi za studio na jukwaa, na mwisho kwa ngonjera.

1.0 UTANGULIZI

Kasulu na Kibondo ni wilaya za Buha, yaani nchi ya Waha, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma zinazopakana na Burundi. Kijana aliyezaliwa huko hukua na lugha mbili. Kiha ni lugha ya nyumbani na shambani. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi, ya redio na ya magulioni. Kwa wengi wao Kiswahili pia ndicho lugha ya barua ya kwanza ya mapenzi, kwa sababu ndicho walichofundishwa kukiandika. Tangu miaka ya 1990 sura ya lugha katika vilima hivyo imezidi kuchanganyika. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, ilipokea wakimbizi kutoka Kongo wenye Kiswahili chao cha mashariki mwa nchi hiyo. Huko Kibondo, kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, ambao Kirundi chao husikilizana kwa kiasi kikubwa na Kiha.

Kijana wa vilima hivi akitaka kusomea sanaa kama taaluma, mojawapo ya njia zake humfikisha Bagamoyo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, inayojulikana kwa kifupi kama TaSUBa. Mafunzo yake yamejumuisha ngoma, muziki, maigizo, sarakasi na sanaa za ufundi. Safari ya huko ni ya kuivuka nchi nzima: Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina zaidi ya kilometa 1,200 kati ya mji huo na Dar es Salaam, na Bagamoyo iko mbele zaidi, kaskazini. Wengine hawaendi mbali hivyo. Hubaki katika Chuo cha Ualimu Kasulu, wakijiandaa kuwa walimu ambao, pamoja na masomo mengine, watawaongoza watoto katika kuimba, kuchora na kuigiza.

Popote anaposoma, mwanafunzi wa sanaa hukutana na jambo ambalo mwenzake wa hesabu au kilimo hakutani nalo darasani: moyo wake ni sehemu ya vifaa vyake vya kazi. Hufundishwa kumtazama mtu kwa muda mrefu ili amchore, kumshika mkono mwenzake jukwaani, na kuitafutia hamu maneno. Si ajabu basi kwamba katika mazingira hayo huzuka mapenzi ya upande mmoja. Methali husema kuwa mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Methali hiyo haisemi neno juu ya aliyekoholewa, kama analo jibu au hana. Makala haya yanaanzia hapo.

Kwa ajili ya uchambuzi utatumika mfano wa kubuni wa wanafunzi wawili: mchoraji kutoka Kasulu, anayependa, na mwigizaji kutoka Kibondo, anayependwa lakini hapendi. Jinsia zao hazitatajwa, na sababu yake itaonekana katika sehemu inayofuata.

2.0 KITENZI -PENDA NA KAULI ZAKE

2.1 Kutenda na kutendwa

Sentensi "Anampenda" ina neno moja tu, lakini imebeba watu wawili. Kiambishi a- kinasimamia kiima, yaani mpendaji. Kiambishi -m- kinasimamia yambwa, yaani mpendwa. Hakuna katika viambishi hivi kinachoonyesha nani ni mwanamume na nani ni mwanamke. Kwa upande wa sarufi, msichana na mvulana wana haki sawa ya kukaa katika nafasi ya kiima. Ikiwa jamii inamruhusu mmoja kutamka pendo lake na kumtaka mwingine asubiri kutamkiwa, mpaka huo umewekwa na desturi. Lugha haikuuweka.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba sentensi hiyo imekamilika. Anayeisikia hangoji kipande kingine ili aielewe. Katika kauli ya kutendwa, "Anapendwa", yambwa hupanda na kuwa kiima, lakini hapewi tendo lolote. Mwigizaji wa Kibondo anaweza kupendwa mwaka mzima bila yeye kufanya kitu, na hata bila kujua. Kupendwa hakumfanyi awe mdaiwa, maana kisarufi hakuna alichokitenda ambacho kinaweza kudaiwa malipo.

2.2 Kutendana

Kiambishi -an- ndicho kinacholeta mapatano. "Wanapendana" hudai kiima cha wingi, au kiima cha umoja chenye mwenziwe baada ya na: "Anapendana na fulani." Kwa vyovyote vile, watendaji ni wawili. Ukweli huu unaonekana mdogo, lakini ndiyo roho ya makala haya. Mtendaji mmoja hawezi kuzalisha kauli ya kutendana. Anaweza kuzidisha kupenda kwake mara mia. Atakachopata ni "anampenda sana", "anampenda mno", "anampenda kupindukia". Vielezi huongezeka, lakini -an- haitokei, kwa kuwa kiambishi hicho kimo mikononi mwa mtu wa pili.

Mazoea ya kulitazama pendo lisilojibiwa kama mapenzi yenye upungufu yanapotoka hapa. Yanachukulia kwamba umbo la asili ni -pendana, na kwamba -penda ni umbo lililokatwa mkia. Mnyambuliko unaonyesha kinyume chake. Shina ni -pend-. Kutendana ni nyongeza. Aliyependa bila kupendwa amefanya tendo zima, nalo lina heshima yake. Kilichokosekana ni tendo la mtu mwingine, ambalo halikuwa mali yake tangu mwanzo.

2.3 Utata wa neno "mpenzi"

Nomino zitokanazo na kitenzi hiki zinachangia kuificha tofauti hiyo. "Mpendwa" ni anayependwa, bila utata. "Mpenzi" limeundwa kwa kiambishi tamati -i cha utendaji, ambacho kimeigeuza sauti d ya shina kuwa z. Kwa umbo lake ni yule anayependa, na ndivyo linavyotumika katika "mpenzi wa soka" au "mpenzi wa muziki", ambapo hakuna anayetarajia soka limpende mtu. Hata hivyo, katika mahusiano ya watu, "mpenzi wake" ni yule anayependwa naye na anayempenda pia. Neno moja limefunika kutenda, kutendwa na kutendana.

Barua za mapenzi za wanafunzi, ambazo kwa miongo mingi zimekuwa utanzu kamili wenye ada zake, zinaudhihirisha utata huu. Barua hufunguliwa kwa "Kwako mpenzi", hata pale ambapo mwandikiwa hajawahi kuombwa lolote wala kukubali lolote. Kutendana kumetangazwa kabla ya kupatikana. Lakini barua hiyohiyo hufungwa kwa "Ni mimi nikupendaye" au "Wako akupendaye", na hapo sarufi inasema kweli: yupo anayependa, yupo anayependwa, na hakuna -an-. Kati ya salamu na sahihi, mwandishi wa barua amerudi mwenyewe kwenye hali yake halisi, ingawa pengine hakutambua.

2.4 Kujipendekeza

Je, mtendaji mmoja hana njia yoyote ya kumvuta mwingine apende? Ipo njia, nayo ina historia ndani ya kitenzi. "Pendeza" ni kumfanya mwingine apende. "Pendeka" ni kuwa na hali ya kupendwa kwa urahisi. Kutokana na mfuatano wa -ek- na -ez- hupatikana "pendekeza", kukifanya kitu kikubalike kwa wengine, kama mtu apendekezapo jina katika mkutano. Kikiongezwa kiambishi rejeshi -ji-, tunapata "jipendekeza": mtu anajifanya mwenyewe kuwa kitu cha kukubaliwa, na kukipeleka mbele ya mwenye uamuzi.

Maana ya neno hili katika matumizi inajulikana kwa kila msemaji wa Kiswahili. Anayejipendekeza huchekwa au huonewa huruma, hapati sifa. Inastaajabisha kwamba viungo vyote vya neno hilo, kimoja kimoja, ni vyema: kupenda ni kwema, kupendeka ni kwema, kupendekeza ni halali. Ubaya unaingia pale ambapo mtu mmoja anajaribu kuzishika nafasi zote za sentensi: awe mtendaji, awe kitendwa, na awe msababishaji wa uamuzi usio wake. Wazee wa lugha waliliona jaribio hilo, wakalipa jina la kulionya.

3.0 -KUNDA KATIKA KIHA NA KIRUNDI

Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo ana shahidi wa pili nyumbani kwake. Kiha na Kirundi zimewekwa na Guthrie katika kundi moja la lugha za Kibantu, D60, pamoja na Kinyarwanda. Shina la kupenda katika kundi hilo ni -kund-, ambalo linapatikana pia mbali na hapo, mathalani katika Kishambaa. Kama ilivyo katika Kiswahili, kutendana hujengwa kwa -an-, nasi tunapata -kundana. Nomino ya Kirundi "umukunzi" imeundwa kwa kanuni ileile iliyounda "mpenzi": d ya shina imekuwa z mbele ya kiambishi -i. Hata utata wa maana ni uleule, kwa kuwa "umukunzi" ni mwenye kupenda na pia ni mchumba. Lugha mbili zenye mashina tofauti zimefika mahali pamoja.

Zinakutana vilevile katika shaka juu ya kujirejelea. Kiambishi rejeshi cha Kirundi ni -i-, na -ikunda, yaani kujipenda, hutumika kwa mtu mbinafsi. Kiswahili nacho kina orodha ndefu ya vitenzi vya -ji- vyenye lawama: kujiona, kujidai, kujivuna, kujikweza, kujisikia. Kwa mchoraji jambo hili si dogo. Kazi ya kuuchora uso wake mwenyewe, ambayo ni zoezi la kawaida katika mafunzo ya uchoraji, inamdai ajitazame kwa saa nyingi. Na lugha yake inamwambia kwamba "kujiona" ni kiburi.

Lakini orodha hiyo ina upande wa pili. Kujitegemea kulikuwa neno la heshima kubwa nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kujitolea ni sifa. Kujijua, ambako katika Kirundi husemwa kwa shina -imenya, ni hekima. Na "kujitambua" limekuwa neno la kumsifu kijana aliyekomaa: fulani anajitambua. Kinachotofautisha makundi haya mawili ni mahali anapokaa mtu mwingine. Anayejiona, anayejidai na anayejipendekeza wanahitaji mtazamaji. Bila macho ya watu vitendo vyao havina maana. Anayejijua na anayejitambua hahitaji mtazamaji, ingawa mara nyingi amefika hapo kwa kupitia kwa watu.

4.0 USHAHIDI WA RIWAYA: ROSA NA KAZIMOTO

Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, ndiye mtunzi wa Kiswahili aliyelifuatilia kwa ukali zaidi suala la kijana msomi asiyejipata. Riwaya zake mbili za mwanzo zinafaa kuipima hoja ya makala haya, kwa sababu zinatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa: kupendana na kujitambua.

Katika Rosa Mistika (1971), Rosa anapata barua kutoka kwa Charles akiwa bado msichana mdogo. Baba yake, Zakaria, anaigundua na kumpiga. Kipigo hicho hakikuzuia mapenzi tu. Kilimnyima Rosa nafasi ya kuwa kiima. Hakupata kujua kama anapenda au hapendi, wala kujizoeza kukataa au kukubali. Anapotoka nyumbani na kufikia masomo ya sekondari, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, anapita katika mikono ya wanaume ambao kwao yeye ni yambwa tu. Mwishoni Charles anarudi, uchumba unafungwa, kisha Charles anamwacha baada ya kugundua kwamba si bikira. Rosa anajiua. Riwaya hiyo ilizuiwa shuleni kwa muda, na lawama nyingi zikaelekezwa kwenye mambo ya mwili. Lakini msiba wa Rosa uko ndani zaidi ya hapo. Thamani yake yote ilikuwa imewekwa katika neno la mtu mmoja. Neno hilo lilipoondolewa, hakubaki na -ji- ya kumshikilia.

Ingeweza kudhaniwa basi kwamba tiba ya Rosa ilikuwa kupendwa. Kichwamaji (1974) inaikataa dhana hiyo. Msimulizi wake, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Tofauti na Rosa, yeye anapata mke, Sabina, na ndoa inafungwa. Kauli ya kutendana ipo. Hata hivyo Kazimoto hajui anaishi kwa ajili gani. Elimu imemtenga na wazazi na kijiji chake bila kumpa makao mapya, na yeye pia anaishia kujiua. Kupendana hakukumfundisha kujitambua.

Riwaya hizi zikisomwa pamoja zinaonyesha kwamba -an- na -ji- ni viambishi viwili vyenye kazi mbili. Anayeikosa ya kwanza hajaikosa ya pili kwa sababu hiyo, na anayeipata ya kwanza hajaipata ya pili kwa sababu hiyo. Inawezekana ndiyo maana Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliachana kwa kiasi kikubwa na visa vya mapenzi, akaingia moja kwa moja katika safari ya kuutafuta ukweli wa nafsi.

5.0 STUDIO NA JUKWAA

5.1 Kumchora na kumchorea

Turudi kwa mchoraji wa Kasulu. Anamchora mwigizaji wa Kibondo kila anapopata nafasi: akiwa mazoezini, akiwa amekaa chini ya mnazi, akiwa anacheka na wengine. Akiulizwa, atasema "Ninamchorea." Kauli ya kutendea inatangaza zawadi: tendo limefanywa kwa manufaa ya mtu. Lakini zawadi huhitaji mpokeaji. Kabla picha haijapokelewa, kilichopo ni "kumchora", na kwa upande wa mwenzake ni "kuchorwa". Huenda mwenzake hapendi kuchorwa. Tofauti ya viambishi inakuwa hapa tofauti ya maadili ya kazi: msanii hana haki ya kujitangazia kutendea pale ambapo mwenzake anaona kutendwa. Lugha ya mitaani ya siku hizi ina neno la kejeli kwa mtu anayejiaibisha mbele za watu bila kujua: "anajichoresha". Kwa mchoraji huyu kejeli hiyo ni ya kweli kuliko kawaida. Katika kila picha aliyodhani ni ya mwingine, amejichora mwenyewe: kiu yake, upweke wake wa mtoto wa vilimani aliye pwani, na hofu yake ya kutotambuliwa.

Hapo ndipo mlango wa kujitambua ulipo. Methali "Asiyekujua hakuthamini" hutolewa mara nyingi kama faraja kwa aliyekataliwa: fulani amekukataa kwa kuwa hajui thamani yako. Faraja hiyo ni tamu lakini inapotosha, kwa sababu inamwacha aliyekataliwa akingoja kujulikana. Methali hiyohiyo ikigeuzwa kumwelekea mpendaji, inauliza swali gumu zaidi: je, yeye alimjua aliyempenda? Mchoraji anajua umbo la shingo na mwanga wa shavu. Pengine hajui mwenzake anaogopa nini, anataka kuwa nani, au nyumbani kwao Kibondo wamemtuma kutafuta nini. Akiligundua hilo, haimpasi kulitupa pendo lake kama uongo. Amepata kujua lilikuwa pendo la nini.

5.2 Kuigiza

Kwa wanafunzi wa maigizo tatizo lina sura nyingine. "Igiza" limetokana na "iga", na mwigizaji mzuri huiga mpaka hadhira isahau kuwa anaiga. Wanafunzi wawili wanaweza kupangiwa nafasi za wapenzi kwa wiki kadhaa. Maneno yao yote ni ya -an-: tunapendana, tutaoana, hatutaachana. Onyesho likiisha, mmoja anatoka jukwaani na mwingine anabaki humo. Kosa lake halipo katika kuhisi, kwa kuwa kuhisi ndiyo kazi aliyopewa. Amechukua kauli ya kutendana iliyotungwa na mwandishi wa mchezo, akaidai kwa mtu ambaye hakuitunga. Mkufunzi anayewapangia wanafunzi wake nafasi hizo anapaswa kuwa na utaratibu wa kuwatoa humo kama alivyokuwa na utaratibu wa kuwaingiza: kuzungumza baada ya onyesho, kuyataja majina yao halisi, na kumfuatilia kwa karibu yule anayeonekana kuzama. Riwaya za Kezilahabi zimeonyesha kwamba suala hili linaweza kufikia uhai wa mtu, wala si la kufanyiwa mzaha bwenini.

6.0 NGONJERA NA HAKI YA KUJIBU

Ushairi wa mapenzi wa pwani, tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa katika karne ya 19, una mapokeo makubwa ya sauti inayomlilia mpendwa. Mpendwa huyo huitwa ua, njiwa, nyota au tausi. Ni majina mazuri, lakini vitu vyote hivyo vinne vina sifa moja: havijibu kwa maneno. Mwanafunzi anayeyarithi majina hayo bila kuyahoji anarithi pia ukimya wa yule anayeitwa.

Mapokeo ya Kiswahili yana utanzu mwingine ambao humpa kila upande kinywa chake. Ngonjera, zilizoenezwa na Mathias Mnyampala (1917–1969) na kutumiwa sana shuleni baada ya Azimio la Arusha, ni majibizano ya kishairi yanayoigizwa mbele ya hadhira. Zoezi la kuandika ngonjera kati ya anayependa na asiyependa lingemlazimisha mtunzi kuvaa nafsi ya pili na kutafuta sababu za kukataa zenye akili na utu. Kwa wanafunzi wa Kasulu na Kibondo zoezi hilo lingeweza kufanywa pia kwa Kiha, lugha ambayo hawakujifunzia misemo ya barua za shuleni, na ambamo pengine wangesema mambo kwa unyofu zaidi.

Hata hivyo tahadhari moja inahitajika. Ngonjera nyingi zina mwisho wa aina moja: upande usiojua huelimishwa, hushawishika, na hatimaye hukubaliana na upande wenye hoja ya haki. Muundo huo ulifaa kuhimiza kisomo cha watu wazima au kilimo cha pamoja. Ukiletwa kama ulivyo katika suala la mapenzi, utamfundisha kijana kwamba anayekataa ni asiyejua, na kwamba akibembelezwa kwa beti za kutosha atakubali. Huko ni kujipendekeza kuliko katika vina na mizani. Ngonjera ya pendo lisilojibiwa itafaa tu ikiwa itamalizika pande zote mbili zikiwa zimesikika, na jibu la hapana likiwa limebaki hapana.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili, kikiungwa mkono na lugha za Buha na Burundi, kinalitenga wazi pendo la mtendaji mmoja na mapenzi ya watendaji wawili. Tendo la kwanza ni kamili na halina aibu. La pili halipatikani kwa juhudi za mmoja, na jaribio la kulipata hivyo limepewa jina la kuonya. Riwaya za Kezilahabi zimethibitisha kwamba kupendana na kujitambua havifuatani kwa lazima. Mifano ya studio na jukwaa imeonyesha mahali ambapo mwanafunzi wa sanaa huteleza kutoka kauli moja kwenda nyingine bila kujua.

Kwa wakufunzi, somo la mnyambuliko wa vitenzi, ambalo wanafunzi wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani, linaweza kufundishwa kama somo la kuishi na watu. Kwa watafiti, upo uwanja mpana wa kukusanya na kuchambua misamiati ya kupenda na kukataa katika Kiha, katika Kirundi cha Kibondo na katika Kiswahili cha Kikongo cha Nyarugusu. Na kwa mchoraji wa Kasulu, aliyebaki na daftari limejaa uso wa mtu asiyempenda, sarufi ya lugha yake mwenyewe inamwachia mambo mawili. La kwanza ni kwamba alichokifanya ni kupenda, na hakuna anayeweza kusema hakikufanyika. La pili ni kwamba daftari hilo, akilifungua tena baada ya miaka, litamwonyesha uso wa yule aliyekuwa ameishika kalamu.